Kiatu cha Kushoto, na Mengine Yanayomhusu Benitha

Kamembe, Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025. Asubuhi ya manyunyu. Bukavu haionekani ng'ambo ya ziwa, ni ukungu mtupu, na mabati yangu yanatoa sauti ya mtu anayepepeta mchele.

Kwa Bibi Mukandayisenga, Mkurugenzi wa makao ya watoto ya Nyumba ya Utulivu, nyuma ya ua wangu.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa mvua. Utanisamehe kwa kuanza na hali ya hewa. Nina daftari langu la siku, nimeliandika tangu nilipomaliza sekondari, na humo kila siku huanza na mbingu na kuishia na saa niliyolala. Mkono wangu sasa haujui kuandika namna nyingine.

Barua yako ya wiki iliyopita imenifikia. Umeandika kwamba malalamiko yangu ya mwezi wa nane yamepokelewa, yamesomwa na yamefanyiwa kazi. Kwamba mkutano wenu wa Alhamisi hii utaamua kama mtoto wenu Benitha ahamishiwe katika nyumba yenu nyingine, ile ya Gashonga, "kwenye mazingira tulivu yasiyo na majirani wa karibu", ili mimi nipate raha yangu. Nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama, na mara ya tatu nikiwa nimekaa.

Mheshimiwa, mimi ni mtu wa kuandika barua. Nimeandika kuhusu taa ya barabarani isiyowaka, kuhusu mfereji unaomwaga maji kibandani kwangu, na kuhusu mbuzi wa mtu mmoja ambaye sitamtaja kwa kuwa ni shemeji yangu. Hakuna barua hata moja iliyowahi kufanyiwa kazi, na mimi nimezoea hivyo: mtu anaandika, anapumua, anakwenda kuinjika sufuria. Sasa ofisi moja tu katika wilaya nzima imeamua kunisikiliza, na katika barua zangu zote imechagua hii. Hilo ni lalamiko langu la kwanza kabisa, ila kwa kuwa nadhani mlikuwa na nia njema sikulipatia namba.

Hata hivyo sitaki kuonekana kigeugeu. Nilisema mtoto huyu ananisumbua, na ananisumbua. Kwa hiyo ninaunga mkono ahamishwe, na ninaleta hapa ushahidi kamili ili Alhamisi msije mkasitasita.

Kwa faida ya wajumbe wasionijua, jina langu ni Uwineza Mwajuma. Watu huniita Maman Nasiri, kwa mwanangu Nasiri anayefanya kazi Kigali. Ni fundi cherehani, na kibanda changu kimepakana na ua wenu wa michongoma. Benitha ana miaka saba, au minane, karatasi zake hazijakubaliana. Aliletwa kwenu kabla ya Ramadhani ya mwaka jana, baada ya kupitia nyumba nyingi, na kila nyumba ilimrudisha kama kitambaa chenye doa. Mlezi aliyepangiwa kuwa mtu wake ni Joselyne, msichana aliyekulia Bukavu, mpole, ambaye hana hatia yoyote katika jambo hili. Mimi sikupangiwa kitu. Mimi nilikuwa nashona.

Malalamiko ni haya.

1. Kiatu. Benitha huchukua kiatu changu cha kushoto. Nasema kiatu, si viatu. Cha kulia hakigusi hata kikiwa kipya. Kila nikivua mlangoni nikakaa kwenye cherehani, nikiinuka nakuta kimoja. Jioni, nisipokuwa na safari tena, kinarushwa juu ya ua na kuangukia kwenye majivu. Nimekwenda msikitini na kandambili mguu wa kulia na buti la mpira mguu wa kushoto. Nimekwenda sokoni hivyo hivyo, na dereva wa pikipiki aliyeegesha pale kona akaniita mbele za watu: "Maman Nasiri! Ule muguu mwingine ulibakia Bukavu?" Naye Maman Mulume, anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, akaongeza kwamba wenye mitindo yao wameshafika Kamembe na sisi hatukuarifiwa.

Nilimhoji mtoto mwenyewe. Nikamuuliza kiatu kiko wapi, akajibu, "Iko." Iko wapi? "Kwetu." Sasa unakichukua kwa nini? Akaniangalia kama mtu anayemfundisha mjinga kuhesabu: "Muntu wa kiatu moja hawezi fika mbali."

Niliyafikiria maneno hayo siku nzima nikitafuta kasoro. Sikuiona, na hilo ndilo lililonikera.

2. Kokoto. Kila jioni taa zenu zikizimwa, kokoto moja huanguka juu ya bati langu. Nisipojibu, linakuja la pili. Kujibu maana yake ni kupiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, mara moja. Sikuanzisha mimi utaratibu huu. Siku ya kwanza nilikuwa naosha vyombo, kokoto likaanguka, nikashtuka, mwiko ukagonga kifuniko. Upande wa pili wa ua, hilo likachukuliwa kuwa mkataba.

Mwezi wa tisa tulikuwa na matanga mtaa wa pili. Nilimwomba jirani anipigie kifuniko kwa niaba yangu. Alipiga vizuri tu, tena kwa moyo. Asubuhi Benitha alikuja uani na macho mekundu, akasema, "Ile haikukuwa weye." Siku ya pili ya matanga ikabidi niondoke katikati ya dua. Walioniuliza niliwaambia nimeacha maharage motoni. Mheshimiwa, hapakuwa na maharage. Nimefanywa muongo kwenye matanga kwa ajili ya kifuniko.

3. Inshallah. Hili ni zito zaidi kwa sababu linagusa dini. Mnawafundisha walezi wenu kwamba anayeondoka lazima amwambie mtoto anakwenda wapi na atarudi lini, na arudi. Ni kanuni nzuri. Mimi nami nikaiiga, nikidhani itanisaidia kupata kiatu. Nikasema, "Naenda kwa muuza nyuzi, nitarudi kabla ya adhuhuri, inshallah." Mtoto akafunga mlango wa kibanda kwa mgongo wake. "Hapana kusema inshallah. Sema utarudia." Kwake kurudia ndiko kurudi.

Nikamweleza kwamba Mwislamu hasemi neno la kesho bila kumtaja Mwenyezi Mungu. Akasema watu wazima wote husema hivyo wasipotaka kuja. Wakristo husema Mungu akipenda, Waislamu husema inshallah, na wote hawaji. Nilitafuta mfano wa kumkanusha kutoka kwenye ukoo wangu mwenyewe. Nikaamua kubadilisha mazungumzo.

Nilikwenda kwa imamu kuuliza. Imamu alicheka mpaka kofia ikasogea. Alipotulia akasema, "Maman Nasiri, sema inshallah, halafu ukaze mwendo." Kwa hiyo siku hizi ninasema inshallah kwa sauti ya chini nikiielekea cherehani, na "nitarudia" kwa sauti kubwa nikimwelekea Benitha, kisha ninakaza mwendo. Kwa umri wangu, Mheshimiwa, na buti mguu mmoja.

4. Chakula. Joselyne alikuja siku moja amejaa furaha kuniambia kwamba Benitha ameacha kuficha chakula chini ya godoro. Nikampongeza. Wiki hiyo hiyo nikaelewa kwamba hakuacha, alihamisha ghala. Katika droo ya meza ya cherehani yangu, mahali pa bobini na chaki, nimekuta nusu chapati, kiazi kitamu kilichoanza kuota, na sambaza wa kukaanga waliofungwa kwenye pande la satini la bibi harusi. Bibi harusi huyo aliolewa akinuka ziwa.

Nilipomkaripia mtoto alifungua droo mwenyewe akanigawia kwa kidole. Hii upande huu ni yake. Ile upande ule ni yangu, "siku moja ukikosa." Yaani ananiwekea akiba. Mimi, mwenye jiko, mwenye gunia la mkaa, mwenye mwana Kigali, ninalishwa kiazi kilichoota na mtoto wa miaka saba au minane. Tena ananikagua. Nisipokula sehemu yangu ananiuliza kama ninaumwa.

5. Ubaya. Kwa wengine wote mtoto huyu ni mzuri. Mlinzi wenu anasema hajawahi kumsikia. Mwalimu wake anasema hata kivuli chake kinaomba ruhusa. Mabaya yake yote ameyahifadhi kwa ajili yangu, na Joselyne anasema nishukuru: "Maman, mutoto anaonyeshaka kidonda kwa muntu anaamini." Mimi sikuomba kuaminiwa kiasi hicho. Kama inawezekana niaminiwe nusu.

Mfano ni wiki ile nilipohitaji kwenda Bukavu kutafuta vitenge. Nilikuwa nimechoka na buti. Nikanunua kwa siri jozi ya pili ya viatu, nikaificha kwenye gunia la vipande, na alfajiri nikatoka kimya kwa kiatu cha kushoto ambacho Benitha hakukijua. Nilijiona mjanja mpaka kwenye daraja la mpaka. Niliporudi alasiri, bobini zangu zote zilikuwa ndani ya pipa la maji, nyuzi zikiwa zimeelea kama nywele za mzuka, na Benitha ameketi chini ya meza ya cherehani akiwa amekumbatia kile kiatu cha zamani, hataki kutoka wala kuguswa.

Nikamwita Joselyne nikisubiri kwa hamu kuona adhabu. Joselyne akavua kanga ya begani, akaitandika kwenye sakafu iliyolowa, akakaa. Hakumshika. Nikamuuliza kwa ishara, vipi, humfukuzi? Akasema kwa sauti ya chini kwamba kwenu mtoto akiwa mbaya hafukuzwi, "akiwa mubaya njo tunakaribia." Wakakaa hivyo wote wawili majini mpaka magharibi, mmoja akipokea mshahara na mwingine bure, na mimi nikikamua nyuzi. Kama kwenu mtoto mbaya ndiye anayekaliwa karibu, nashangaa mtoto mwema anakaliwa wapi. Labda Kigali.

Tangu siku hiyo sijaondoka bila kuaga. Yaani mimi ndiye niliyerekebishwa tabia, na nyumba ya kurekebishwa ni yenu.

6. Mandazi. Hili nitaliandika kwa kifupi. Siku moja nilikuwa nabana upindo, yeye ananishikia pini. Akaiambia cherehani, hakuniambia mimi: "Alisema anaenda kununua mandazi." Nikauliza ni nani. Akasema, "Pale magari yanasimamaka. Nilikaa pa benchi. Alisema sasa hivi narudi, Mungu akipenda." Halafu akaniuliza kama pini ya kichwa chekundu naweza kumpa.

Nilimpa. Malalamiko yangu ni kwamba tangu hapo siwezi kupita mbele ya mama anayekaanga mandazi pale kituoni bila kuangalia kila benchi. Nilikuwa ninayapenda sana mandazi. Nani atanirudishia?

7. Heshima yangu. Kabla ya Benitha nilijulikana mtaani kama mwanamke mkali. Watoto walivuka barabara wakiona kivuli changu, mpira ukiangukia kwangu walikubali kuupoteza, na wateja walilipa siku ile ile. Ukali huo niliujenga kwa miaka. Sasa wananiona nikizungumza na michongoma kila asubuhi: "Leo nipo. Leo siendi popote. Leo nipo." Juzi watoto wawili walikuja kuomba maji. Kwangu! Walikunywa, wakashukuru, wakauliza kama wanaweza kucheza hapa. Mpaka mbuzi wa shemeji hanikimbii tena.

Ushahidi ndio huo. Nadhani unatosha kumhamisha mtoto hata mara mbili.

Lakini kazi ikifanywa ifanywe kikamilifu. Fundi hamkabidhi mteja nguo akaacha pini ndani. Nimefikiria kwa utaratibu ni nini lazima kiende Gashonga pamoja na Benitha ili usumbufu uhame wote na usibaki nusu hapa.

Kwanza viatu vyangu vya kushoto, maana bila hivyo hatajua kama mtu yuko. Halafu droo yenye chakula. Na droo haitoki bila meza, na meza ndiyo iliyobeba cherehani, kwa hiyo cherehani iende. Bati langu pia. Alishajaribu kurusha kokoto juu ya paa lenu la vigae, likanyamaza; anasema bati langu tu ndilo linaita. Kifuniko cha sufuria na mwiko viende. Ila hapa ndipo nilipokwama, kwa sababu mtaalamu wenu yeyote akipiga kifuniko hicho kule Gashonga, hata akipiga vizuri kunishinda, mtoto ataamka asubuhi na macho mekundu aseme haikuwa weye. Lazima uende mkono wenyewe. Na mkono huo, kwa bahati mbaya, nimeshonwa nao.

Kwa hiyo ninaomba rasmi nihamishiwe Gashonga mimi pia, niandikwe kwenye orodha ya vifaa, baada ya cherehani. Sihitaji chumba kikubwa. Gashonga siipendi. Kuna matope ya kumeza pikipiki, kuna migomba kila upande mpaka mtu hajui anatazama wapi, na nani atashonesha suti ya satini kule katikati ya mihogo? Tena umeandika kwamba hakuna majirani wa karibu. Mimi bila jirani nitamlalamikia nani? Itabidi mnitafutie jirani mmoja, na huyo jirani akisumbuliwa na Benitha atakuandikia barua, nawe utaifanyia kazi, na mtoto atahamishwa tena. Hapo ndipo ninapoona hesabu haifungi. Tutavuka Mibirizi, tuimalize wilaya yote ya Rusizi, tuishie msituni Nyungwe, mimi na bati langu kichwani.

Niongeze jambo moja, nikiwa ninajua mipaka yangu. Joselyne alinieleza kwamba hali ya Benitha ina jina kwenye karatasi zenu: ugumu wa kushikamana. Mtoto ambaye hakupata mtu wa kumshika alipokuwa mdogo hajui kushika, akishika anashika vibaya, na ninyi kazi yenu ni kumfundisha polepole mpaka aweze. Nimelielewa vizuri na ninaiheshimu kazi hiyo. Ambacho sijaelewa ni hatua inayofuata, kwamba akishaweza kumshika mtu, anahamishwa. Inawezekana ni sehemu ya tiba. Mimi ni fundi tu. Nikishaunganisha mkono wa blauzi siuchani ili nione kama uzi ni mzuri.

Hayo ndiyo malalamiko, na hilo ndilo ombi. Mkinikubalia, Alhamisi nitakuwa nimefungasha.

Nisalimie wajumbe wote wa mkutano, hata yule aliyenihesabu katika "mazingira". Msalimie mpishi, mwambie isombe yake ya kisamvu ya Ijumaa ilinukia mpaka kwangu na sikulalamika. Msalimie mlinzi, na watoto wote mmoja mmoja, na yule anayeimba akioga ambaye sijui jina lake lakini anajua wimbo mmoja tu, na paka wenu. Joselyne sina haja ya kumtumia salamu, tunaonana kila siku sakafuni.

Mimi jirani yako, mwenye usumbufu na mwenye kuushuhudia,

Uwineza Mwajuma (Maman Nasiri)
fundi cherehani

Nyongeza, Jumatano asubuhi, tarehe 12. Kumekucha kweupe, jua limetoka upande wa milima, na Bukavu inaonekana mpaka madirisha.

Mheshimiwa, nilikuwa nimeikunja barua hii jana mchana, nikainuka ili niilete ofisini kwako kisha nipitie sokoni. Nikafika mlangoni na buti langu mkononi, tayari kulivaa. Viatu vilikuwa viwili.

Kile cha kushoto kilikuwa kimeoshwa kwa sabuni, kikajazwa karatasi za gazeti ndani kama ninavyojaza mimi vikilowa. Benitha alikuwa amesimama kwenye pengo la ua akinitazama. Nikamwambia kuna kosa hapa, mimi ninatoka, nakwenda sokoni. Akasema, "Enda." Nikamwuliza na kiatu je? Akasema, kama jambo ambalo mtaa mzima unalijua:

"Aa, weye unarudiaka."

Nimeitwa mengi hapa Kamembe, Mheshimiwa, mengine ukutani kwa makaa. Mtu anayerudi nilikuwa sijaitwa. Nikababaika, na katika kubabaika nikasema kwa sauti, nikimwelekea yeye badala ya cherehani, kwamba nitarudi kabla ya mvua, inshallah. Nikajiuma ulimi, kwa kuchelewa. Benitha akakunja uso, akafikiri.

"Inshallah," akasema. "Lakini ulete uzi mwekundu."

Nilikwenda sokoni kwa viatu viwili na nilichechemea njia nzima, kwa kuwa mguu wa kushoto umesahau. Yule dereva wa pikipiki alihesabu viatu vyangu mara mbili, akaonekana mgonjwa. Ofisini kwako sikufika. Barua nilirudi nayo, pamoja na uzi mwekundu, kabla ya mvua.

Leo alfajiri Joselyne amebisha hodi kwangu. Amesimama kwenye umande, mguu wa kulia una sandali na mguu wa kushoto hauna kitu. Alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa ncha ya kitenge, vyote kwa pamoja, nikadhani kuna msiba. "Maman Nasiri! Alinibebea kiatu! Kiatu yangu, mimi!" Msichana huyu amekaa na mtoto huyu tangu mwaka jana, amekaa naye hata majini, akisubiri kuibiwa, na leo ameibiwa. Anasema Benitha amelala usiku kucha amekumbatia sandali hiyo, na alipoulizwa kwa nini, alisema Maman Nasiri yeye ameshamjua kuwa anarudi, sasa anataka kumjua Joselyne.

Kwa hiyo orodha ya vifaa niliyoandika hapo juu imeharibika. Mkimhamisha sasa itabidi aende Joselyne na viatu vyake vyote, na mpishi naye aanze kujiandaa, maana Joselyne anasema kandambili za mpishi zimeanza kutazamwa. Gashonga haitatutosha. Ninafuta namba ya kwanza mpaka ya saba, ninafuta ombi la kuhamishwa kama kifaa, na ninafuta barua ya mwezi wa nane, ambayo ningeomba muichukulie kama wenzenu walivyozichukulia zile za taa na mfereji. Msimhamishe mtoto. Nitakuja mkutanoni Alhamisi kulisema hilo kwa mdomo wangu, kwa viatu viwili. Benitha nimeshamwambia ninakwenda wapi, na kwamba nitarudi kabla ya adhuhuri, kwa hiyo naomba mkutano usiwe mrefu.

Lalamiko moja linabaki, nalipatia namba nane. Nimerudishiwa kiatu bila kuulizwa kama niko tayari. Jana jioni taa zenu zilizimwa na kokoto halikuja. Nilisubiri nikiwa na mwiko mkononi. Nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Nikasubiri tena. Mwishowe nilipiga kifuniko mara moja mwenyewe, taratibu, kama tahadhari, na upande wa pili wa ua hapakuwa na kitu, ila watoto waliolala.

Nililala saa saba usiku.